Jibu Nililomsemea Bibi

Shively, Louisville
Jumapili, 25 Mei 2025

Mpendwa Dada Angelika,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini wewe, shemeji Nestori na mtoto hamjambo huko Riverside, na kwamba kile kikohozi cha mtoto kimekwisha sasa baridi imewaachia. Sisi huku ni wazima kwa neema ya Mungu. Baba anarudi kutoka ghalani asubuhi kama kawaida na kulala mchana mapazia yakiwa yamefungwa. Bibi analalamikia mgongo akikaa sana, lakini jana amepanda lengalenga, ule mchicha wetu, nyuma ya nyumba, mistari minne, na amenikataza kumsaidia kwa sababu eti ninashika udongo kama mtu anayeshika maji ya moto. Anakuulizia kila siku. Anauliza pia kama ni kweli mnataka kuhamia Cheektowaga, na kama huko kuna kanisa.

Najua utashangaa kupata barua. Mimi na wewe tunaandikiana kwenye simu, tena kwa Kiingereza, maneno matatu na picha ya uso unaocheka. Lakini kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata katika sala nimelizunguka tu, na nikikupigia najua nitanyamaza mpaka useme, Fides, uko hapo? Karatasi haiulizi. Basi ni hili. Tarehe mosi mwezi huu, katika ofisi ya uhamiaji, baada ya kuinua mkono na kuapa kwamba nitatafsiri kweli, nilisema uongo. Bibi alijibu hapana, mimi nikamwambia afisa ndiyo.

Tafadhali usinipigie kabla hujafika mwisho.

Wewe uliolewa na kuondoka kabla hatujaanza mambo ya fomu, kwa hiyo nitakueleza tangu mwanzo. Unajua Bibi anavyoutaka uraia huu. Alitoka Burundi ana miaka kumi, mwaka wa sabini na mbili. Kongo aliitwa mkimbizi, Tanzania akaitwa mkimbizi, na hapa, miaka kumi na saba sasa, ana kadi inayosema ni mkaazi. Anasema kadi zote alizowahi kupewa zinaeleza mwenye kadi si wa wapi. Anataka afe akiwa mtu wa mahali. Kwa umri wake na miaka aliyokaa, sheria inamruhusu kujibu maswali kwa lugha yake akiwa na mkalimani. Alichagua Kiswahili kwa ajili yangu, maana mimi ndiye niliyekuwa nikimfundisha, na Kirundi changu ni cha jikoni, hakivuki mlango.

Mwaka jana Mzee Methodi wa kanisani alituletea nakala ya zamani ya maswali, imepigwa fotokopi mpaka herufi zimekuwa kama mchanga. Nilikaa mezani nikamtafsiria Bibi yote kwa mkupuo, huku nikiandika majibu yake pembeni ili Mzee Methodi akayajaze kwenye kompyuta. Kulikuwa na swali moja lenye neno arms. Wewe umesoma, unalijua. Mimi wakati ule, Dada, nilijua yale ya mwilini tu. Yale mengine sisi shuleni tunayaita bunduki na basi. Nikamuuliza Bibi kwa sauti ya kuchoka kama sheria ikimtaka, yuko tayari kubeba mikono kwa ajili ya Marekani.

Bibi alicheka mpaka akavua miwani. Alisema mikono yake ameibeba tangu Burundi na hakuna aliyewahi kumsaidia hata mmoja. Akasema nadhani wanataka kujua kama bibi kizee bado anaweza kazi. Waandikie ndiyo. Nikaandika ndiyo, Mzee Methodi akaijaza ndiyo, fomu ikaenda.

Nililigundua kosa mwezi wa kwanza, darasani, mwalimu wa historia alipokuwa akieleza haki ya raia kuwa na silaha. Neno ni lile lile. Masikio yaliwaka moto. Lakini sikusema nyumbani. Wiki ile ile Rurangwa, tunayesoma naye, alitimiza miaka kumi na minane akawa anatuonyesha karatasi yake ya kujiandikisha kwa ajili ya jeshi, ikiwa siku moja nchi itaita watu kwa lazima. Nilimuuliza wasichana wanajiandikisha wapi. Akasema wasichana hawaandikishwi, nenda kalale. Nikajiambia, serikali isiyomwandikisha msichana wa miaka kumi na minane itamtaka nini bibi wa miaka sitini na mitatu? Sikujua kwamba kiapo cha uraia hakiangalii msichana wala bibi. Maneno ni yale yale kwa wote.

Siku ya mahojiano ilipofika, Mzee Methodi ndiye aliyekuwa awe mkalimani. Saa kumi na mbili asubuhi akapiga simu kwamba kazini wamewekewa ovataimu ya lazima, akitoka anafukuzwa. Bibi alikuwa ameshavaa lile gauni lake la Pasaka. Akaniangalia. Mimi, Dada, ambaye nikienda kununua soda natumia mashine ili nisiseme na mtu.

Afisa alitazama kitambulisho changu cha shule, akaenda kumuuliza mkubwa wake, akarudi akasema kwa kuwa nina miaka kumi na saba na hakuna mwingine, nitakubaliwa. Niliapa, nikatia sahihi. Hakuwa mtu mbaya. Ukutani alikuwa na picha yake akiwa ameshika samaki mkubwa. Alipouliza mto mrefu ni upi, Bibi alijibu Misisipi kabla sijafungua mdomo, afisa akacheka na kusema labda mimi ningekuja tu kupumzika.

Halafu akafika kwenye swali lile. Mdomo wangu ulisema silaha. Sikuwa nimepanga; ndilo neno lenyewe, likatoka.

Bibi aliketi wima. Aliweka mikono miwili juu ya meza ya afisa, viganja chini, akanena taratibu ili nisikose hata neno. Alisema nimwambie mzee huyu kwa heshima kwamba hapana. Silaha hatabeba, wala hatasimama katika mstari wa wanaobeba, si kwa nchi hii wala kwa nyingine, kwa sababu ya ahadi aliyo nayo na Mungu tangu utotoni. Lakini kama wana wagonjwa wa kuogeshwa, au maiti za kuzikwa, au watu wengi wa kupikiwa, wamwite hata kama ni mzee, atakuja.

Afisa alinigeukia na kalamu mkononi. Mbele yake fomu ilikuwa imeandikwa ndiyo, jibu nililoliandika mimi. Nikaona jinsi atakavyosema kwamba bibi huyu amedanganya kwenye fomu, kwamba faili linafungwa, miaka kumi na saba inakwisha kwa sababu ya mtoto asiyejua Kiingereza chake mwenyewe. Hiyo ndiyo sababu ambayo ningependa uiamini. Kuna nyingine. Sijawahi kumwambia mtu mzima hapana. Sijui inavyoanza mdomoni. Nikasema, yes, sir, she says yes.

Afisa akasema hayo yalikuwa maneno mengi kwa ndiyo moja. Nikamwambia lugha yetu ni ndefu. Akatabasamu, akaweka alama.

Kwenye maegesho Bibi aliniuliza mbona alisikia yesi. Na hapo, Dada, nilikuwa na nafasi, tuko wawili, hakuna afisa wala samaki. Nikamjibu kwamba nilisema yes, sir, ndiyo heshima yao hapa hata unapokataa. Aliitikia kwa kichwa, akanishika shingo vile anavyoshika. Akasema vizuri, hata ukikataa kataa kwa adabu.

Baada ya siku tano jibu likaja. Amekubaliwa. Ndipo alipokupigia wewe simu, na ukaomba ruhusa kazini ili uje kwenye kiapo.

Sasa nikueleze ya Columbus. Jumamosi ya wiki iliyopita, tarehe kumi na saba, Baba alitupeleka kwa Mama Cibalonza, yule rafiki wa Bibi Mkongomani, alikuwa anatoa shukrani kwa ajili ya mjukuu. Tulikula sombe ya majani ya muhogo mpaka tukashindwa kuinama. Wamama wakabaki sebuleni, mimi nikakaa kwenye zulia miguuni pa Bibi, Baba akasimama mlangoni na chai yake. Mama Cibalonza akamwambia Bibi, bon, Mama Marita, utuambie, serikali ilikuuliza nini donc? Bibi akawapa mito, marais, nyota za bendera. Kisha akasema waliniuliza pia kama nitabeba bunduki, nikakataa. Mama Nshombo, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha, akamuuliza na mgongo huo, ungebeba ya nini? Risasi moja, wewe njo utaanguka wa kwanza. Wakacheka wote, na Bibi akacheka nao. Alipomaliza kujipangusa macho akasema mimi niliulizwa kabla, wakati mgongo ulikuwa mzuri.

Dada, je, wewe uliwahi kuyasikia haya? Mimi sikuwahi.

Mwaka wa tisini na sita, vita vilipofika kwenye kambi yao upande wa Uvira, walipanda milimani, na huko wakaangukia mikononi mwa wapiganaji. Bibi hakulitaja kundi. Alisema yalikuwa mengi na yote yalikula mbuzi za watu. Amri ilikuwa kila nyumba itoe mtu mmoja, mwanaume au mwanamke, hawakujali. Katika nyumba yetu walikuwepo wawili: Baba, ana miaka kumi na sita na homa kali, na Bibi. Bibi akaenda yeye.

Walipangwa mstari, kila mtu akawa anapewa bunduki. Zamu yake ilipofika akaweka mikono nyuma. Alimwambia kamanda kwamba alipokuwa na miaka kumi aliona baba yake akichukuliwa na vijana wa jirani waliokuwa wamekula kwao wiki hiyo hiyo, na akamwahidi Mungu kwamba chombo cha kumuua mtu hakitaingia mikononi mwake. Kamanda akauliza ni kanisa gani linalofundisha hivyo. Bibi akasema makanisa amepitia kadhaa, ahadi ni ile moja. Watu wakacheka. Kamanda akasema haya, kama mikono imeokoka, mgongo je, nao umeokoka? Akaamuru bunduki ifungwe mgongoni kwake kwa kitenge chake mwenyewe, kama mtoto, kisha aende na wenzake kuteka maji.

Bibi hakupiga hatua. Alisema aliwaza hivi: kufungwa siwezi kuzuia, lakini nikitembea nitakuwa nimeibeba mimi. Basi akasimama. Wakamsukuma, akaanguka, akainuka na kusimama pale pale. Wenzake wakaenda mtoni na kurudi, wakaenda tena. Mchana mvua ikanyesha. Mwanamke mmoja akipita alimnywesha maji kwa kiganja bila kumtazama usoni. Jioni kamanda alikuja mwenyewe, akafungua fundo la kitenge, akaitoa ile bunduki polepole kama mtu anayepokea mtoto aliyelala. Alikikunja kitenge, akamrudishia. Akamwambia nenda kwa majeruhi. Huko akakaa miezi minane, akiwaosha vidonda wa upande huu na wa upande ule, na kuwazika walioshindikana.

Hata watoto wa Mama Cibalonza walikuwa wametoa visikizio masikioni. Mimi nilikuwa naangalia vidole vya miguu ya Bibi ndani ya ndala zake za pinki, karibu kabisa na uso wangu, na nikahisi kama mtu aliyekaa miaka yote chini ya mlima akidhani ni ukuta wa nyumba. Huyu ndiye anayenikata kucha mpaka leo. Huyu ndiye anayegombana na mashine ya kufulia. Nilitaka kumgusa mguu nikaogopa. Nikamtazama Baba pale mlangoni: alikuwa ameinamisha kichwa, chai imepoa, na midomo inatetemeka kama ya mtu mwenye homa.

Kisha Bibi akasema neno lililonimaliza. Alisema anaipenda nchi hii kwa jambo moja. Kamanda alihitaji siku nzima na mvua ili aelewe, lakini afisa huyu wa Marekani alielewa kwa dakika moja, akaweka alama yake na kutabasamu. Serikali kubwa namna hii, na imemkubali bibi asiyebeba silaha, kama alivyo. Akaweka mkono kichwani kwangu. Akasema na aliyenisemea ni huyu, mtoto asiyeweza kuagiza chipsi.

Wamama wakapiga vigelegele. Mama Cibalonza alinivuta akanikumbatia, akasema kumbe katoto ka haya kanaweza kusema na serikali. Nilikwenda chooni nikafungua bomba ili wasinisikie.

Tuliporudi, Baba aliendesha bila redio kutoka Columbus hadi Louisville. Bibi alilala. Mimi nikafungua simu, maana nilikuwa nataka kujua ni adhabu gani inayotolewa kwa mtu aliyekataa. Na hili, Dada, ndilo ninaloshindwa kulibeba, kuliko uongo wenyewe. Hakuna adhabu. Imeandikwa wazi, kwenye ukurasa wa serikali, kwamba mtu ambaye dini yake au mafundisho ya imani yake yanamkataza silaha anaweza kuomba, na kiapo chake kitaondolewa maneno ya silaha. Anaweza kuondolewa hata yale ya kulitumikia jeshi bila silaha. Halazimiki kuwa wa kanisa fulani. Kinachobaki ni ahadi ya kufanya kazi za kiraia zenye manufaa kwa taifa ikiwa sheria itahitaji. Wagonjwa. Maiti. Watu wengi wa kupikiwa. Nilisoma sentensi ile karibu na Cincinnati nikageuka kumtazama amelala, mdomo wazi, kilemba kimeteleza. Bibi ambaye hajawahi kusoma sheria hata moja ya nchi hii aliitamka sheria hiyo kwa Kiswahili, mikono juu ya meza, kwa utaratibu wake wote. Ingetosha niirudie. Nchi aliyoisifu Columbus ilikuwepo kweli chumbani mle, imekaa imeshika kalamu, na mimi nikaifungia mlango.

Sasa kiapo ni Ijumaa ya tarehe sita mwezi ujao. Akisimama pale na kuinua mkono, atayasema maneno yote, ya silaha yakiwemo, kwa Kiingereza asichokielewa, akiamini kwamba walikwisha kuikubali hapana yake. Bunduki itakuwa imefungwa mgongoni kwake, safari hii atatembea nayo, na hatajua. Aliyefunga kitenge ni mimi.

Nimeandika karatasi kwa Kiingereza ya kuipeleka ofisini kabla ya siku hiyo. Inasema mkalimani alikosea na baada ya kukosea akadanganya, na mwombaji alijibu hapana tangu mwanzo. Imenichukua siku nne, ni mistari tisa. Pale mjini, kwenye shirika linalosaidia wakimbizi, kuna mwanasheria anayeona watu Jumanne. Nimemwandikisha Bibi aonwe Jumanne ya tarehe tatu, saa nne asubuhi, kwa jina lake, naye hana habari. Huenda mwanasheria akasema ni jambo dogo, wabadilishe kiapo. Huenda akasema waanze upya, au kwamba uongo wangu utahesabiwa kuwa wa Bibi. Sijui. Huenda ukawa umeomba ruhusa bure na hakuna kiapo cha kuja kukiona, na Bibi akaendelea kuwa mkaazi mpaka sijui lini. Nisamehe kwa hilo. Ile karatasi inahitaji sahihi yake, na hawezi kutia sahihi kitu nisichomsomea.

Kila siku tangu Columbus nimekuwa nikijiambia leo. Asubuhi naona anasali, namwacha amalize. Anamaliza, naona anakunywa uji, namwacha anywe. Ninaogopa macho yake yatakapotoka kwangu. Ninaogopa zaidi kwamba hayatatoka, kwamba atanisamehe kabla sijamaliza sentensi, na mimi nitabaki na sura hii hii.

Naomba utusalimie shemeji Nestori, umbusu mtoto kwenye nyayo kama ninavyopenda, na umwambie Mama Ruberwa wa ghorofa ya chini kwamba mbegu alizotupa zimeota. Baba anakusalimu, hajui naandika, lakini angejua angekusalimu. Kaeni na amani. Utuombee, hasa Jumanne ile saa nne.

Namsikia Bibi anatoka bustanini. Amefungua mlango wa nyuma, anapangusa miguu. Ndala zake zinakuja ukumbini, anasema na nafsi yake kuhusu konokono. Nilikuwa nimeshika kitabu cha hesabu nikiweke juu ya karatasi hizi, kama nilivyofanya mara tatu leo. Nimekiweka sakafuni. Anasoma Kiswahili vizuri, kwa kidole, na hurudia mstari akiupenda au asipouelewa, kwa hiyo itachukua muda. Nimemsogezea kiti.

Mdogo wako akupendaye,
Fides